Nyota nne kwa fundi picha wa Lindi, ya tano imeondoka na msumari

Mimi sio mtu wa kuandika maoni ya huduma, nikilishwa chapati mbichi mgahawani nanuna tu narudi zangu nyumbani yanaisha, ila hili nimeona niliandike maana tangu niiweke picha ya Bibi wasapu watu hawaishi kuniuliza imetengenezewa wapi na bei gani na mimi nimechoka kujibu mmoja mmoja. Basi someni hapa, ni ndefu, chukueni chai kabisa.

Ni studio ndogo ya picha hapa Lindi mjini, ukitoka sokoni unashuka kama unaelekea baharini. Jina siwezi kuwapa kwa sababu hana kibao, mlangoni kaandika kwa chaki PASPOTI DAKIKA TANO, LAMINESHENI, KOPI, na chini kabisa kwa herufi ndogo PICHA ZA ZAMANI TUNAFUFUA. Ukiuliza fundi wa picha za zamani hata bodaboda wanamjua. Kijana tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho, Ijumaa anavaa kanzu na siku zilizobaki jezi ya Yanga (hilo nimemsamehe).

Sasa kilichonipeleka. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Babu bado yupo, ana miaka 80 na kitu, walioana 1968 kwahiyo hesabuni wenyewe wamekaa pamoja muda gani. Kwenye msiba Babu hakuomba kitu, maturubai, chakula, magari ya kuleta watu, yote walipanga wajomba, yeye alikaa kwenye mkeka anaitikia pole za watu basi. Siku tunaanua tanga ndo akaniita, mke wangu njoo. Sisi wajukuu wa kike ndo anavotuita, na Bibi naye alikuwa anatuita wake wenza, akikukuta umempelekea Babu maji ya kuoga anakwambia haya mke mwenzangu, unanipindua mchana kweupe. Nikaenda. Akanipa kopo.

Hilo kopo la maziwa ya unga tunalijua tangu tuko wadogo, lilikuwa la Bibi na ukiligusa unachapwa. Ndani kulikuwa na kadi za kliniki za watoto saba, risiti za korosho za chama cha msingi zimefungwa na uzi, na katikati ya kikaratasi kuna picha moja ya paspoti, nyeusi na nyeupe ila imeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Nyuma kuna muhuri wa studio umefutika umebaki mwaka tu, 1971. Babu akasema nataka mama yenu mmuweke ukubwa wa kuonekana, nataka huyu niliyemuoa, sio huyo wa kwenye simu zenu anaumwa. Na kweli, picha zote tulizokuwa nazo kwenye simu ni za mwaka wa mwisho, Bibi amekonda, plasta ya dripu mkononi, anatabasamu kwa kutulazimishia tu sisi.

Hapo nikafanya kosa. Sikwenda kwa huyu fundi. Nilienda kwanza studio moja yenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka, siitaji ilipo wala jina, nikalipa 35,000, wakaipiga picha kwa simu palepale kaunta (hiyo peke yake ingetakiwa initoe mbio) wakaniambia kesho kutwa njoo. Kesho kutwa nikapewa picha inang'aa hiyo, jamani, ukiiona unasema bibi harusi wa Masaki. Ngozi nyeupe kama imepakwa unga, midomo myekundu, pua imechongwa, mashavu laini kama kipande cha sabuni kipya. Mimi mwenyewe mwanzoni niliona imependeza, nisiwadanganye, nikaibeba nikaenda nayo nyumbani natembea kwa madaha.

Babu akavaa miwani. Akaiangalia, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaangalia tena. Akauliza, huyu nani?

Tukamwambia Bibi huyo.

Akasema mimi huyu simjui, mrudishieni mwenyewe.

Mama akaondoka pale akaenda jikoni. Mjomba akajaribu kuchekesha, akasema mzee si umepata mwingine mpya. Babu hakucheka. Akasema Wajerumani walikuja pale Tendaguru mimi sijazaliwa, wakachimba mjusi, mifupa ipo vipande vipande, wakabebesha watu kichwani mpaka hapa Lindi baharini, wakaenda kumuunga kwao mpaka kasimama, na shingo yake na mkia wake. Nyie mmepeleka mtu mzima karudi mtu mwingine. (Anamaanisha yule dinosaria wa Berlin, walimchimba kati ya 1909 na 1913 na wabeba mizigo walikuwa watu wa huku huku kwetu, kila mzee wa Lindi ana stori yake ya yule mjusi.)

Ndo nikaiangalia vizuri ile picha nikaona walichofanya. Walikuwa wamemfuta chale zote.

Kwa ambao hamkumjua Bibi inabidi nieleze. Bibi alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, Msumbiji. Watu wa hapa wanawaita Wamawia, jina ambalo yeye alikuwa halipendi, ukimwita hivo anakujibu mimi Mmakonde, huyo Mawia mtafute umpe salamu zake. Alivuka na mama yake usiku kwa mtumbwi mwaka 1965, vita ya kumtoa Mreno ilikuwa imeanza mwaka mmoja nyuma, wakaishia kambi ya wakimbizi Rutamba, hapa hapa Lindi. Kitambulisho chake cha taifa kimeandikwa 1948 lakini yeye mwenyewe alikuwa hahesabu kwa miaka, ukimuuliza ulizaliwa lini anakwambia vita inaanza nilikuwa nimeshachezwa unyago, basi.

Na alivuka akiwa na uso wake umeshaandikwa tayari. Wamakonde wa kule walikuwa wanachanja uso, binti anachanjwa kwa kisu kidogo halafu wanapaka mkaa, yeye alikuwa anasema mkaa wa mbarika, kidonda kikipona mistari inabaki imeinuka ina weusi wa kama bluu. Yeye aliziita dinembo. Alikuwa nazo kwenye paji la uso na mashavu yote mawili, mistari imekunjwa kama kiwiko, mmoja ndani ya mwingine. Tukiwa watoto tulikuwa tunapitisha vidole humo kama unafuata barabara kwenye ramani na yeye anafumba macho, wengi wetu tumelala usingizi hivo, kidole kwenye shavu la Bibi.

Na alikuwa na tundu la ndonya, mdomo wa juu. Kile kijiti alishakitoa zamani, anasema alipofika huku wasichana wenzake wa kambini wengine walikuwa wameshavitoa na watu wa mjini wanacheka, akakitupa, tundu likajifunga likabaki dogo kama punje ya mtama. Sasa akinywa uji ukiwa mwepesi alikuwa anabana pale kwa kidole cha shahada, kazoea tu, hata hajui kama anafanya. Sisi watoto wote tukawa tunakunywa uji hivo hivo tumebana mdomo kwa kidole. Mama alitukuta siku moja watano tumepanga mstari tumebana midomo akajua tunamcheza shere, akatuchapa, Bibi akacheka mpaka uji ukamtoka kwenye tundu kweli.

Ile studio ya kiyoyozi lile tundu wameliziba. Wameona doa.

Basi nikakaa wiki nzima na hasira, pesa sikurudishiwa, nikaambiwa dada ni mapendekezo ya mteja, mapendekezo gani niliyoyatoa mimi. Dada mmoja muuza samaki feri ndo akaniambia nenda kwa yule mtoto wa Yanga. Nikaenda.

Sasa maoni ya huduma yanaanzia hapa, samahanini nimezunguka.

Cha kwanza, hakuishika picha kwa vidole katikati, alishika pembeni kama mtu anashika CD. Akaitoa vumbi kwa kibrashi laini, hakufuta na kitambaa wala mate (kuna mtu nimemuona anafuta picha ya marehemu kwa mate, mimi nimeona). Pembeni kulikuwa na steplapini imeshika kutu, hakuivuta, alikata kidogo kidogo kwa kikatia kucha. Halafu akaiweka kwenye skana, sio simu, akaiskani mara mbili, ya pili akaweka nukta 1200 kwa inchi, akanionesha kwanini: picha yenyewe haizidi milimita 35 kwa 45, ukiiskani kawaida halafu ukaikuza inakuwa vipande vipande.

Mimi nilitaka A3, nataka likubwa la sebuleni. Akanikatalia. Akasema dada A4 upana wake ni mara sita ya hii picha, A3 inapita mara nane, nikikuwekea A3 itabidi kompyuta ijaze kitu ambacho hakipo na ndo hicho kilichokukuta kule. Mjue A3 kwake bei ni kubwa zaidi, kwahiyo kajinyima hela mwenyewe. Hapo ndo nikaanza kumuamini.

Nikamuonesha na ile kazi ya kule kwingine. Hakuwasema vibaya. Akanieleza tu, hizi programu za kufufua picha siku hizi unabonyeza kitufe kimoja, zimefundishwa kutafuta mikwaruzo na kuifuta, na zimefundishwa uso mzuri ukoje kwa kuangalia nyuso za watu wengine huko, sasa chale kwake ni mkwaruzo tu, inafuta, halafu panapobaki wazi inachora ngozi ya mtu mwingine. Kwahiyo mzee wenu kasema kweli, akasema, huyo ni mtu mwingine.

Halafu akasema kitu ambacho sikutegemea. Akasema sichukui hela leo. Niletee mtu aliyemjua umri huo.

Jumatatu yake tukapanda bajaji na Babu. Ana miguu mibovu siku hizi, kijana akatoka mpaka nje akampokea, shikamoo mzee wangu, marahaba, akamuwekea kiti mbele ya kompyuta akafungua picha. Sasa ile picha ya ukubwa wa kidole gumba Babu anaijua, kaitunza miaka 50 na kitu, lakini hajawahi kuiona hivo, shavu la Bibi limejaa kioo kizima. Akanyamaza. Fundi naye alinyamaza, hakumharakisha, na kulikuwa na wanafunzi wanne mlangoni wanasubiri paspoti za mtihani.

Baadae kidogo fundi akachukua kijiti cha kuchokonolea meno akawa anaonesha kwenye kioo. Mzee huu ni mstari wake au mkwaruzo? Wake. Na huu? Wake. Na huu? Babu akasema huo siujui. Fundi akasogeza picha, tukauona ule mstari unatoka shavuni unavuka sikio unaendelea mpaka kwenye pazia la nyuma. Akasema umeona mzee, mkwaruzo hauna adabu unavuka popote, chale inaishia ngozi inapoishia. Babu akakipenda kile kitu, akawa anamalizia yeye, huo unavuka, futa, huo umeishia, acha. Mimi nimekaa kwenye benchi nasikia tu, futa, acha, acha, futa.

Wakafika shavu la kulia, mstari wa pili kutoka chini. Umepinda. Yote imekwenda sawa, huo umeshuka kidogo katikati halafu ukapanda tena. Fundi akasema hapa nadhani karatasi ilikunjika, nitaunyoosha. Babu akanyanyua mkono. Akasema, usiunyooshe. Alisogea.

Akatueleza. Aliyemchanja Bibi alikuwa bibi yake mwenyewe, na kwenye huo mstari alishindwa kuvumilia akasogea, kisu kikaenda pembeni, akapigwa kofi kwenye shavu lile lile bichi akaambiwa utakaa nao huo uwaoneshe watu kuwa ulilia. Alimwambia Babu hayo mwaka waliooana na Babu hakuwahi kumwambia mtu. Mama yangu ana miaka 50 na kitu, kapitisha kidole humo utoto wake wote, alikuwa hajui.

Yule kijana akaandika kwenye karatasi ya kopi kwa kalamu: shavu kulia, wa pili chini, USINYOOSHE. Akaibandika kwenye ukingo wa kompyuta.

Stori zilivyoanza zikawa haziishi, na wale wanafunzi wa paspoti nao wakaingia ndani kusikiliza. Babu alikuwa anaenda Rutamba kununua makopa anakuja kuuza mjini, ndo alipomuona, anauza vyungu. Bibi alikuwa mfinyanzi, kajifunza kwa mama yake, na ada zote za mama na wajomba zimetoka kwenye vyungu mpaka sufuria zilipojaa mjini soko likafa, ndo akahamia kwenye korosho, anabangua kwa mkono, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi mpaka vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye ncha kama kashika mkaa. Babu anasema alichelewa kumposa kwa sababu kila akienda ananunua chungu kupata sababu ya kuongea naye, nyumbani kwao vikafika vyungu kumi na moja mama yake akamuuliza we unaoa au unafungua duka. Ilipofika 1975 Msumbiji ikapata uhuru ndugu zake Bibi wengi wakarudi kwao, mama yake pia, na Babu anasema wiki ile hakulala, kila asubuhi anaangalia kama kopo lipo. Kopo likabaki.

Sasa mabaya, maana nimesema nyota nne.

Alichelewa. Aliniambia Alhamisi, nikaipata Jumatatu iliyofuata, mara umeme umekatika, mara wino wa printa umeisha hadi uagizwe Mtwara. Sawa, umeme si kosa lake, lakini kaka si unapiga simu tu? Mimi nimeenda mara tatu jua la saa saba.

Risiti hana. Ananiandikia kwenye daftari na namba ya simu anapokelea hela, basi. Kwa mtu anayelipiwa na ukoo na lazima uoneshe hesabu kwenye kikao hii inasumbua, wajomba zangu wanauliza mpaka nauli ya bajaji.

Kingine, toleo la kwanza alilonionesha alikuwa ameweka njiwa wawili juu, maua ya waridi pembeni na maandishi ya dhahabu PUMZIKA KWA AMANI BIBI YETU KIPENZI. Hakuulizwa. Anasema wateja wengi wanapenda. Babu alivooneshwa akauliza, hao kunguru wa nini? Akavitoa vyote bure palepale, hakununa, kwahiyo hapo simkati.

Nilichomkatia nyota ni fremu. Fremu yenyewe nzuri, mbao, kapiga vanishi mwenyewe, kioo kisafi. Ila kile cha nyuma cha kutundikia kaweka kamsumari kadogo ka kiatu. Tulitundika Jumanne, usiku wa Alhamisi saa tisa tukasikia paa, picha iko chini, kioo kimepasuka kona. Babu katoka chumbani na fimbo alidhani mwizi. Nilirudi nikamwambia, akabadilisha kioo bure lakini msumari akaweka ule ule!! Nikanunua wangu.

Picha yenyewe sasa. Jamani ni yeye. Ana ukali ule wa kumuangalia mpiga picha kama anamdai, kilemba kimefungwa juu, kona ya chini iliyoliwa fundi kaiacha ilivyo, kaifanya ififie tu, anasema begani hapakuwa na kitu cha kunakili na yeye hazui bega la mtu. Weusi wa ngozi yake upo. Tundu lipo, kadoa kadogo juu ya mdomo. Chale zote zipo mpaka unaona zimeinuka, na ule uliopinda umepinda.

Siku ya arobaini tulisoma hitima nyumbani, na mjomba wangu ustadhi akasema picha haifai kuwa ukutani, malaika hawaingii. Babu hakubishana, akasema wakati wa dua nitaigeuza. Akaigeuza kweli, ilisomwa hitima nzima Bibi anaangalia ukuta, ikaisha akamgeuza, watu wakala pilau. Kulikuwa na bibi mmoja kaletwa na wajukuu zake kutoka Rutamba, walivuka mwaka mmoja na Bibi, haoni vizuri. Akaomba asogezwe. Akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kufuata mistari kwa kidole kama tulivyokuwa tunafanya sisi, akafika kwenye ule wa kulia akasimama, akacheka peke yake, akataja jina. Sio jina la Bibi tunalolijua. Mama akamuuliza huyo nani, akasema si huyu, ndo jina lake alilochezewa ngoma. Hatukuwahi kulisikia, Babu mwenyewe alikuwa kalisikia mara moja tu. Siliandiki hapa, ni la ndani.

Kama ile ya kwanza ndo ingekuwa ukutani yule bibi angegusa nini.

Bei, maana najua ndo mnayotafuta: kuskani na kusafisha 5,000, kurekebisha 30,000 (alisema kazi ya mkono, siku mbili za mashavu tu, na mimi naamini), kuprinti A4 karatasi ya picha 7,000, fremu 18,000. Jumla 60,000, punguzo hana, nimejaribu. Picha nyepesi isiyo na mkunjo anafanya kwa nusu yake. Anakupa na faili kwenye flashi yako, njoo na flashi.

Ushauri wake ambao ni wa bure: msipeleke picha za zamani laminesheni. Yeye mwenyewe laminesheni ndo inamlipia kodi na bado anawakataza watu, anasema joto na gundi vinaingia kwenye picha na ukishabandika hubandui tena, wengi wanamletea picha za wazazi wao zimeshafungiwa humo na unyevu wetu huu wa pwani umeingia pembeni, zimeota madoa na hawezi kuzitoa. Weka kwenye karatasi kavu, kwenye kopo, kama alivyofanya Bibi. Na ukienda nenda na mzee wako akiwa bado anakumbuka, usimuache nyumbani eti anachoka. Babu wangu alichoka siku ile, alilala mpaka magharibi, na alivyoamka alidai kupelekwa tena.

Kwa sasa picha haiko ukutani. Baada ya kuanguka Babu kaihamishia chumbani kwake, kaiegemeza kwenye chungu, kimoja katika vile kumi na moja, ndo kimebaki. Anasema hapo haianguki.

Anafungua saa mbili asubuhi. Ijumaa mchana mkimkosa subirini, karibu saa nane anakuwa ametoka msikitini. Na msumari nunueni wenyewe.